Mama Aliyemwonjesha Daktari Dawa

Habari za kifo chake zilinikuta Jumatatu stendi ya Shinyanga, kikombe cha chai mkononi. Mganga wa mitishamba wa Kharumwa ametutoka. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua sipendi kulialia katika safu hii, na leo pia sitalia, maana mama yule ameniachia kitu cha kutambia, nacho ni mguu wangu wa kulia.

Miaka ya sabini mwanzoni nilikuwa mchimbaji Rwamgasa. Gogo la kuegemezea shimo letu la dhahabu liliniangukia, likanichana kuanzia goti hadi kifundo. Nikafanya kama wachimbaji wote: nikanunua vidonge vya rangi mbili gulioni, nikavifungua na kumwaga unga kwenye kidonda, kikikauka juu naacha, kikifumuka narudia. Nilipofikishwa hospitali, sindano hazikufua dafu. "Vijidudu vya mguu wako vimeshazizoea dawa zetu," daktari akaniambia. "Usipopata nafuu wiki hii, tutaukata." Niliogopa, wala sioni haya kusema. Mchimbaji wa mguu mmoja angekula wapi?

Mama yangu ndiye aliyemwita mganga. Mganga aliingia wodini akiongea kwa sauti ya gulioni. "Mwangaluka," akaamkia wodi nzima, kisha akanifunua mguu. "Ngosha," akaniita, yaani mwanamume kwa Kisukuma chetu, "huu bado ni wako." Daktari hakumfukuza, ila alitaka kuijua dawa yenyewe. Hapo nikakata tamaa, kwani waganga wetu huchimba dawa peke yao na hawamwonyeshi hata ndugu. Mganga akamtazama daktari, akanitazama mimi. "Wenzangu watanitenga," akasema taratibu. "Haya, twende porini sote, daktari, nawe ubebe jembe." Wakarudi na mizizi na shubiri pori, wakachemsha jikoni kwa hospitali. Akaonja yeye kwanza, akampa daktari kikombe. "Onja, baba. Kwetu dawa haimgusi mgonjwa kabla mwenye mgonjwa hajaionja." Daktari akaonja, uso ukamkunjamana, wodi ikaangua kicheko. Tangu siku hiyo daktari akawa anaondoa nyama iliyokufa, mganga anaosha kwa dawa yake na kufunga. Harufu ikaisha, nyama nyekundu ikaanza kupanda. Nilitoka pale kwa miguu yangu miwili.

Waganga wenzake walimtenga kweli. Yeye akazidi kutamba, akaitwa wodini mchana kweupe kwa vidonda vilivyoshinda sindano, na wauguzi wakajifunza kwake. Vingine havikupona, na alisema hivyo bila kuficha. Nimeona waganga wengi wakizikwa na dawa zao, watoto wakabaki kuulizana ule mti ulikuwa upi. Huyu alifundisha, na hakupungukiwa na kitu.

Tulimzika Jumatano. Muuguzi mmoja aliondoka makaburini mapema, kwa sababu dawa ilikuwa jikoni na mgonjwa anangoja. Mimi nilibeba jeneza, mbele, upande wa kulia. Njia ile ina mawe mengi, lakini sikuyumba. Mama, huu bado ni wangu.