Mkia wa Maji Chini ya Gurudumu

Kwa miezi minane kazi yangu ilikuwa kutazama maji. Nilikuwa nimemaliza diploma ya ufundi wa mitambo, nikaandikwa kazi na karakana moja ya Industrial Area, eneo la viwanda, iliyounda mitambo midogo ya kuzalisha umeme kwenye mito ya mashambani. Kabla ya kutengeneza mtambo wenyewe, tuliunda mfano wake mdogo, tukausukumia maji kwa pampu na kuangalia unavyokwenda. Niliishi mtaa wa Pipeline, ghorofa ya sita, pamoja na dada yangu mkubwa, na kila asubuhi nilikata mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Njenga kwa miguu. Nyumbani maji tuliyapandisha ngazi kwa mitungi. Karakanani yalijaa tangi zima chini ya sakafu, yakizunguka tu.

Chumba cha majaribio kilikuwa na watu watatu. Mwenye karakana alikuwa mzee wa kutoka magharibi mwa nchi, mstaafu wa reli, na sote tulimwita Injinia. Pampu na swichi zilikuwa chini ya mama mmoja Mkamba aliyekaa mtaa wa Fedha, mtu wa maneno machache. Wa tatu nilikuwa mimi, na mahali pangu palikuwa kwenye kigoda, uso wangu karibu na bomba.

Gurudumu la mfano wetu, lile linalozungushwa na maji, lilikuwa na upana wa sinia. Chini yake tulifunga bomba fupi la plastiki nene inayoonyesha kama kioo, ili tuone maji yanafanya nini yakishalipita gurudumu. Milango midogo ya kuongoza maji, inayolizunguka gurudumu, ikifunguliwa vizuri, maji yalishuka kimya na huoni kitu. Ikibanwa hadi karibu nusu, katikati ya bomba kulizuka mkia mweupe wa mapovu, mnene kama mkono wangu, umejisokota kama skrubu. Ulizunguka ukigonga kuta za bomba, du, du, du, na mdundo huo niliuhisi kifuani kabla sijausikia.

Tulikuwa na taa inayopepesa haraka. Ukiipatanisha na mwendo wa ule mkia, unauona umesimama tuli, na hapo ndipo nilipouchora na kuupima. Lakini mimi niliuogopa zaidi ukiwa umesimama hivyo. Macho yaliniambia umetulia, na kiganja nilichoweka kwenye bomba kiliniambia unapiga. Sikumwambia mtu. Nilikuwa msichana wa kwanza kukalia kile kigoda, na sikutaka nionekane naogopa maji.

Jumanne moja, tukijiandaa kwa wageni waliokuwa waje Ijumaa kuuona mfano, niliona kitu kama unywele kwenye plastiki, karibu na bolti za juu. Niliufuta kwa kitambaa, haukutoka. Injinia aliinama akauangalia taa ikiwa imezimwa, akasema ni mkwaruzo wa spana. Siku iliyofuata niliupima kwa rula. Alhamisi niliupima tena, nikaona umeongezeka kwa upana wa kucha. Mkia ulipogonga, ule unywele ulifunguka kidogo na kufunga, kama kope.

Jioni hiyo nilimweleza dada yangu tukiwa jikoni. Aliacha kukatakata sukuma wiki.

"Si uachane na hiyo kazi?" akasema. "Kama hawakusikii, utaenda kukaa hapo kwa nini?"

Nililala nikiwa nasikia du, du, du ndani ya mto wa kulalia.

Ijumaa asubuhi, kabla wageni hawajafika, nilimwambia Injinia kwamba sitakaa kwenye kigoda. Nilimwonyesha vipimo vya siku mbili. Hakukasirika kama nilivyotarajia. Alivua miwani, akaifuta, akasema plastiki ile ilikuwa nene na kwamba uoga wa mtu hupimika vibaya kwa rula. Halafu akakaa yeye mwenyewe kwenye kigoda, akamwambia yule mama awashe pampu.

Mimi nilikwenda kusimama kando ya kitufe chekundu cha kuzima. Hakuna aliyenituma.

Maji yalishuka kimya. Injinia akaashiria kwa mkono milango ibanwe, kisha ibanwe tena. Mkia ukatokea. Akawasha taa, mkia ukasimama mbele ya uso wake. Nilimwona akiutafuta ule unywele kwa kidole, akaupata, akaufuata. Kidole kilikwenda mbali kuliko nilivyokuwa nimepima jana. Kikakata kona, kikaendelea kushuka. Lakini hakuinuka. Alibaki hapo mdomo wazi kidogo, na nikaelewa kwamba mwili wake ulikuwa umekataa kutii.

Nikabonyeza.

Pampu haisimami mara moja. Ilianza kuteremsha sauti, na mdundo ukabadilika, ukawa mzito na wa polepole. Yule mama aliacha swichi zake, akamfikia Injinia kwa hatua tatu na kumvuta kwa ukosi wa koti. Walikuwa bado wanaanguka nyuma bomba lilipopasuka. Sauti yake ilikuwa kama ya sahani kubwa inayovunjika. Maji yalitoka ubavuni yakakipiga kigoda hadi ukutani, na vipande vya plastiki vikaruka pamoja nayo. Baadaye tulikuta kimoja kimekwama kwenye mbao za mlango.

Injinia alichanika begani, akashonwa. Yule mama alivimba goti. Mimi sikuguswa, lakini nilikaa kwenye sakafu yenye maji nikashindwa kufungua ngumi niliyobonyezea kitufe. Yule mama ndiye aliyeninyoosha vidole, kimoja kimoja.

"Msichana wangu, umefanya vizuri," akasema. "Sasa pumua."

Wageni walirudishwa langoni. Injinia alirejea baada ya wiki mbili, mkono wa kulia ukiwa umeninginizwa kwa kitambaa shingoni. Aliniita, akafungua daftari langu kwenye ukurasa wa vipimo, na kwa mkono wa kushoto akaandika pembeni, kwa herufi za kupinda, kwamba mtazamaji alikuwa sahihi. Kisha tukapanga kazi upya. Bomba jipya lilikuwa la chuma, lenye dirisha dogo na ukuta wa kinga mbele yake. Tulitoboa pia katikati ya mhimili wa gurudumu ili hewa iingie kwenye ule mkia. Hewa ikaulainisha, mdundo ukapungua hadi ukawa kama wa mtu anayebisha hodi akiwa na haya.

Niliendelea kuutazama kwa miezi mitatu mingine, na uoga haukunitoka hata siku moja. Niliacha tu kuuficha. Nikiingia asubuhi nilimwambia yule mama, "Leo naogopa kidogo," au, "Leo naogopa sana," naye aliliandika hilo kwenye karatasi yake ya zamu, pamoja na saa na kasi ya pampu.