Koti la Mabaka

Kra, kra, kra. Nilisikia mkasi ukila kitambaa nyuma ya pazia kabla sijamwona patron, bwana mkubwa wa karakana ya ushonaji kule Lubumbashi. Ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini, nami nilimwogopa mtu ambaye hata sura yake sikuijua.

Patron aliwashonea vijana wa mjini, wale waliotoka Jumapili kutembea barabarani ili watazamwe. Hakuwapima wakiwa wamesimama. "Tembea," aliwaambia, akatazama mahali kitambaa kinapovutika, ndipo akatia chaki. Kwake nilijifunza kubana patalo, yaani kupunguza suruali mpaka ishike mguu. Sharti lake lilikuwa moja.

"Mutoto, hapana uliza mutu anaenda wapi na nguo. Weye shona."

Nilishona. Wakati wa vita kijana aitwaye Wili aliniletea koti la mitumba lenye mabaka ya kijeshi. Ndiyo iliyokuwa fasheni. Nililibana kiunoni, likamkaa kama ngozi. Hakuvuka hata kizuizi cha kwanza cha barabarani: askari walimuuliza alimvua mwenzao yupi koti lile. Mama yake anamngoja hadi leo.

Kisha askari wale walikuja karakanani. "Nani alibana hii?"

"Ni miye," patron akasema, bila kunitazama. Wakamchukua. Aliporudi, vidole vyake havikuweza tena kushika mkasi.

Nilivuka ziwa Mweru hadi nchi jirani, nikapata kazi ya pili sokoni Nchelenge. Msimamizi wa mafundi alikuwa mama wa Kibemba tuliyemwita Bamayo. Wateja wetu walipeleka samaki bara kwa baiskeli, na suruali yangu ya kwanza ilimchekesha Bamayo hadi machozi. "Awe, hapana, weye Mukongo! Patalo ya kubana hivi, mwanaume atapanda kinga, baiskeli yake, namna gani?" Nilishona chini yake miaka mingi, na kila nilipoona mabaka ndani ya robota la mitumba, niliyafunika kwa nguo nyingine.

Sasa macho yamefifia, nimestaafu. Ninyi mnaoshona leo, nawaambia kinyume cha patron: ulizeni.

Mwezi uliopita mjukuu wangu Kasongo, mwanamume mwenye ndevu zake, ambaye huniita kambo kama wajukuu wote wa kwetu, alinitandikia koti mapajani.

"Kambo, unibanie hapa kiuno. Kesho minaenda Lubumbashi, tutapiga foto na barafiki."

Nilipapasa, nikalisogeza karibu na jicho. "Hii ni ya basoda, mabaka ya askari."

"Bote banavaa! Vita yako iliisha zamani, kambo."

Nilimwambia nitalibana. Nilidanganya. Nililichemsha katika sufuria ya rangi nyeusi, nikakoroga mpaka mvuke ukanichoma uso. Lakini mimi ni fundi wa mkasi, si wa rangi. Sikujua kwamba kila baka hunywa rangi kwa kiasi chake. Lilipokauka juani, mabaka yalikuwa yamerudi yote, meusi juu ya weusi.

Kasongo alilivaa, akapiga kelele ya furaha. "Kambo, weye ni artisti! Lubumbashi muzima hakuna mutu iko na hii!"

"Vua, mwanangu. Nakuomba."

"Hapana ogopa."

Niliushika mkono wa koti. Akacheka, akavifungua vidole vyangu kimoja kimoja, taratibu, kama anayeogopa kuniumiza. Akachukua begi lake, akatoka, akauvuta mlango nyuma yake.