Kioo cha Mama kule Mulekera

Kwetu Banande, jina lako linasema ulizaliwa wa ngapi. Langu linasema mimi ni wa kwanza. Donc, basi, asiniulize mtu kwa nini roho iliniuma siku dada yangu mudogo, anayeniita Yaya, yaani mkubwa wake, aliponipigia simu toka Beni: "Yaya, balishaikubali! Jina yangu iko mu kernel!"

Nikamwambia félicitations, hongera. Nikakata simu, nikaipiga meza teke.

Ni mimi nilimfundisha kazi hii, hapa Butembo, mahali ninapotengeneza ordinatere, yaani kompyuta. Mimi nilimweleza kwamba mashine ikiwashwa, kernel, yaani kiini cha mfumo wake, inakiuliza kioo: wewe ni nani? Kioo kinajibu kwa namba yake. Namba ikijulikana, kernel inajua ingoje kiasi gani kati ya kutoa umeme na kuonyesha picha. Isipojulikana, inaogopa, inangoja, inangoja, nawe unatazama giza tu. Kukieleza kioo ni kuandika mstari mmoja: namba yake, jina lake, muda wake wa kungoja. Wakubwa wa kernel huko ng'ambo wakiukubali, mashine za dunia nzima zinakijua, na jina lako linabaki humo.

Na yeye akanitangulia. Mimi, wa kwanza!

Mama, ambaye anaishi naye Mulekera, huko huko Beni, alitangaza mpaka kanisani. Kila nikipiga simu: mudogo wako hivi, mudogo wako vile. Nami niliyempa mama mashine yake? Kimya. Nilitaka aseme mara moja tu, mbele ya yule mtoto: hii alifanya mukubwa wangu.

Sasa, mashine ile ya mama nilikuwa nimeibadilishia kioo kilichovunjika, na kile kipya kernel haikukijua. Nikasema, hicho ni changu kukiandikia mstari. Nikapanda gari, nikateremka Beni na karatasi ya kiwanda, yenye namba ya kioo na muda wake, ndani ya mfuko.

Nilipoiwasha mashine, giza likakaa sana kabla ya picha kutokea. Nikamuuliza mudogo wangu, "Hii hukuiona?"

"Niliiona kitambo," akasema, akiendelea kuchambua sombe, majani ya muhogo. "Nilikuachia, Yaya."

Aliniachia! Kama mtu anavyomwachia mtoto kipande cha nyama kwenye sahani. Kidogo tu nimrushie ile sombe usoni. Niliandika mstari wangu, nikaijenga kernel upya, nikangoja imalize. Halafu nikaizima mashine, nikaiwasha tena. Kioo kikawaka palepale.

Mama akatoka jikoni, akaangalia, akapiga makofi. "Eeh! Sasa inawaka mbio! Aksanti, mutoto wangu." Na akamkumbatia mudogo wangu.

"Hapana yeye!" Nilipiga kelele hata jirani akasimama njiani. "Ni mimi, mama! Ni mimi nilifanya!"

Mama akamwachilia, akaniangalia kwa mshangao.

"Sawa, ni weye," akasema. "Sasa unalia nini?"