Mama Mita na Vitu Vilivyolambwa na Mto

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Mama Mita anapiga magoti mbele ya geti la kijani, anafunua kifuniko cha chuma na kupangusa kioo cha mita ya maji kwa kitambaa. Anasoma tarakimu, anaziandika daftarini. Mbwa wa nyumba hiyo anachungulia, anamtambua, anarudi kulala.

Badala ya kuinuka, mwanamke huyu anapeleka mkono kando ya shimo na kuokota ganda la mbegu lililotafunwa na wadudu mpaka umebaki wavu mtupu. Analigeuzageuza kwenye mwanga, halafu analilaza taratibu ndani ya mfuko wake.

"Mtu akinikuta hivi anadhani nimeangusha hela," anasema. "Mwache adhani. Mimi nimeokota."

Ana miaka hamsini na mmoja, na ishirini na miwili kati ya hiyo ameimaliza akisoma mita. Kwa siku anapitia nyumba mia moja na themanini, kama kilometa kumi na saba, zote kwa miguu. Jina alipewa na watoto wa mitaa anayopita, nalo likamganda kiasi kwamba hata mkuu wake wa kazi huliandika kwenye ratiba.

Katikati ya eneo lake unapita mto ambao kwa miezi mingi ya mwaka ni mchanga na mawe tu. Mvua zikija unafurika na kuburuta kila ulichokikuta njiani. Zikiisha unaviacha hapohapo. Mama Mita huuvuka mara mbili kwa siku, na ni nadra auvuke mikono mitupu.

Nyumbani kwake, vyumba viwili na jiko, kuna rafu iliyoshika ukuta mzima. Juu yake kuna kipande cha mkaratusi ambacho maji yameila sehemu laini na kuacha mistari migumu imesimama kama mbavu. Kuna kombe la konokono lililopauka likawa jeupe kama chaki, na jiwe lenye tundu linalopitisha kidole kidogo. Wifi yake huviita takataka, ila akija haachi kuvishikashika.

"Kitu kipya kizuri, sikatai," anasema Mama Mita. "Lakini hiki kimepigwa, kimeburutwa, na bado kipo. Ukikishika tu unajua."

Anayejua kushika hasa ni mumewe. Alikuwa fundi seremala kwa miaka ishirini na minane, hadi presha ya macho ilipoanza kumnyemelea. Alifanyiwa upasuaji mara mbili, na miaka mitatu iliyopita mwanga ukazimika kabisa. Tangu siku hiyo hajavuka kizingiti cha nyumba yake. Ndugu walibembeleza, marafiki wa karakana walikuja na maneno matamu. Wote aliwakatalia kwa upole, na upole huo ndio uliomtesa mkewe, kwa sababu mtu mpole huna pa kugombana naye.

Mambo yalibadilika kwa bahati tu. Jioni moja Mama Mita, akivua viatu mlangoni, alimwekea mumewe mapajani kile kipande cha mkaratusi ili mikono yake iwe huru. Fundi alikipitishia kidole gumba.

"Mkaratusi," akasema. "Umekaa majini misimu miwili. Haijafika mitatu."

Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu asubuhi. Kuanzia hapo mkewe hakurudi tena bila kitu, naye kila kitu alikisoma kwa vidole na kukitolea maelezo, mara nyingine mpaka chakula kikapoa.

Ndipo Mama Mita alipoharibu.

Mapema mwaka huu aliukuta mtoni mzizi wenye urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni, umejisokota, umetobolewatobolewa na mchanga. Anaapa hajaokota kizuri kama hicho maishani. Akaona aufiche, uwe zawadi ya miaka thelathini ya ndoa yao.

Sasa, mumewe hakuwahi kuruhusu mti utoke karakana bila msasa na vanishi. Alikuwa akisema ni sawa na kumpeleka mtoto shule hajanawa uso. Mkewe akapiga hesabu zake. Akaubeba mzizi kwa siri hadi kwa fundi mwenzake wa zamani, ambaye alimwambia, "Shemeji, niachie mimi." Jamaa alifanya kazi siku nne: msasa mkavu, msasa wa maji, vanishi mara tatu.

Siku yenyewe ilipofika, Fundi aliupokea kwa mikono miwili. Aliupapasa mara moja, akaupapasa tena, kisha akauweka sakafuni.

"Mguu wa meza," akasema. "Umeniletea mguu wa meza."

Mama Mita hafichi kwamba alikwenda kulia jikoni. Wiki nzima rafu haikuguswa, na yeye mtoni akawa anapita anatazama mbele.

"Nimeishi na fundi miaka thelathini nikidhani naujua moyo wake," anasema. "Kumbe nilichokuwa najua ni karakana yake."

Siku ya nane mumewe alivunja ukimya. Aliuliza mzizi ule ulitoka wapi. Ulikuwa umefukiwa au umelala juu? Ncha ipi ilielekea maji yanakotoka? Mama Mita, mwenye kukumbuka tarakimu za mita za mtaa mzima, hakukumbuka ulivyokuwa umelala. Aliuokota, akautia mfukoni, akaendelea na kazi. Fundi aliuliza siku tatu mfululizo, na siku ya tatu akamwambia:

"Mama watoto, wewe unaokota tu, huangalii. Pale kilipolala ndiyo nusu ya kitu chenyewe. Nipeleke nikapashike mwenyewe."

"Niliogopa hata kujibu," anakumbuka mkewe, "nisije nikaliharibu na hilo."

Leo ni Ijumaa, na safari ni kesho saa kumi na mbili asubuhi. Ruhusa ya kazini Mama Mita amepewa. Kutoka mlangoni hadi ukingoni ni hatua mia sita na kumi, na mitaro miwili. Ameipita njia hiyo mara mbili akiwa amefumba macho, na goti lake lina mchubuko wa kuonyesha.

"Atafika," anasema, wala sauti haitetereki. "Njia naijua mimi, mikono anayo yeye." Anataka kabla ya mvua zijazo Fundi awe anautambua mto ule mwenyewe, na yeye ndiye awe wa kuonyeshwa.

Jioni, mumewe akiwa ameketi kitandani, anauliza kwa sauti ya chini kama viatu vyake vya kutembelea bado vipo, au alipewa kaka yake.

Mama Mita anainama uvunguni. Kaka mtu aliviomba mara mbili, anaeleza, na mara zote aliambiwa vimeliwa na panya. Kila Jumapili, Fundi akilala mchana, amekuwa akivitoa na kuvipiga rangi. Miaka yote mitatu.

Fundi anavipokea. Anapitisha kidole gumba kwenye ngozi, kutoka kisigino hadi mbele, polepole.

"Hivi," anasema, "hivi umepatia."