Dada Yangu na Uso wa Shaba

Dada yangu anachunguza uso wa vitu. Si vitu vyenyewe, uso tu: ile ngozi ya mwisho ambapo shaba inakoma na hewa inaanza. Kazi hiyo anaifanya ughaibuni, mbele ya chombo cha chuma kilichonyonywa hewa karibu yote. Mimi naandika riwaya, na bado sijapata sentensi ya kumweleza mama kwa nini shaba inamchukua mwanawe miaka.

Mwaka jana alikuja likizo Ujiji. Chuo kimoja hapa nchini kilikuwa kimemwomba arudi kufundisha, na alitakiwa kujibu kabla ya kuondoka. Mama akaanza kupaka chokaa chumba cha uani. Mimi nilimtazama tu: anavyokula migebuka, samaki wa ziwa letu, kwa vidole, anavyoogelea ziwani asubuhi hadi kichwa kinabaki kidoa kwa mbali, anavyoimba nyimbo za harusi za Kiha na kukosea maneno palepale alipokosea utotoni. Nikajiambia, anayeimba hivi harudi kule.

Jioni moja tulishuka ziwani na masufuria yaliyoganda mawese. Kwetu sufuria haijatakata mpaka isuguliwe kwa mchanga na jivu, ing'ae hadi jirani aone wivu. Dada alipiga magoti majini akasugua.

"Profesa, hiyo bado," alisema mama mmoja aliyekuwa akifua karibu yetu. "Huko kwenu mnaoshea mate?"

"Huko hatugusi kabisa, mama," dada alicheka. "Kidole kikigusa tu, kazi imeharibika."

Akatueleza. Shaba yake anaichoma ndani ya chombo kile hadi iwe safi kuliko kitu chochote tulichowahi kukiona. Hata hapo haidumu. Chembe chache za hewa zilizobaki zinaanza kuikalia, na kesho yake uso ule haupo tena. Muda huo mfupi ndio wake. Aliutaja kama mtu anayemtaja mchumba.

Nikajua. Nikauliza hata hivyo.

"Umewajibu?"

"Jana."

"Na?"

"Chombo kile hapa hakipo, mdogo wangu. Nitabaki kuwasimulia wanafunzi kitu nisichokiona."

"Si utakuwa unatuona sisi?"

Alimwaga maji ya sufuria, akachota mengine.

Kutoka juu ya ukingo mama yetu alituita, akiwa na muuza samaki. "Mwambie dada yako nimeagiza kuhe! Mkubwa! Wa Jumapili!"

Ndege ya dada ilikuwa Jumamosi.

"Mwambie wewe," alininong'oneza. "Wewe ndiye mwenye maneno."

"Hayo sina."

Akajifunga kanga upya, akapanda taratibu, mikono ikichuruzika. Nilimwona mama akimshika viwiko vyote viwili, kama tunavyosalimiana kwetu, akimweleza habari za yule kuhe, na dada akimwacha aendelee.