Mikono ya Bi Harusi wa Bongwe

Miwani ilikuwa na siku nne, na siku zote nne sikuwa na raha. Mtaalamu wa macho pale Ukunda alinieleza kwamba jicho langu la kushoto ni dhaifu mno kuliko la kulia, hivyo kioo cha upande ule amekifanya kikali zaidi. Akanionya kwamba sakafu itanipanda na meza zitainama, ila nisiivue, ubongo utazoea. Wa kwake labda. Mimi nilikuwa nikivuka kizingiti kama mtu anayeshuka mnazi.

Nami kazi yangu ni kupaka hina. Siku ya nne nilikwenda Bongwe kumpamba binti wa kaka yangu, aliyekuwa anaolewa kesho yake. Piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua, haina kufuta, ikishika imeshika, na niliogopa kumharibia siku yake. Basi nikaivua miwani, nikampaka mkono wa kulia kwa mazoea yangu ya miaka ishirini: kichwa nimekiinamisha, jicho zima likifanya kazi ya mawili. Halafu nafsi ikanisuta. Miwani nimeinunua ya nini? Nikaivaa, nikampaka wa kushoto. Kila ua lilikuwa likinikimbia. Mara mbili niliinuka nikajisingizia kiu.

Nilipomaliza aliiweka mikono yote miwili juu ya mto. Haikufanana hata kidogo. Machoni pangu wa kulia ulikuwa sawa, wa kushoto umepinda wote. Nilishikwa na aibu, nikaanza kumwomba radhi, nikailaani miwani na aliyeitengeneza.

Akaniacha nimalize.

"Shangazi, wa kushoto ndio ulionyooka," alisema. "Huu wa kulia ndio uliolala, kama unavyotupaka siku zote."

Nilimwambia kwa ukali kwamba hakuna aliyewahi kulalamika. Akasema watu walikuwa wakinistahi.

"Ushawahi kuona bi harusi wako akipigwa picha ya mikono?"

Nilimtafuta mmoja kichwani. Niliwapitia wa Galu, wa Msambweni, hata binti yangu mwenyewe. Sikumpata. Hasira zilinipanda, kisha zikaniishia, nikabaki nimeishika koni ya piko isiyo na kazi. Nikamuuliza, kama alilijua hilo, mbona ameniita mimi.

"Wewe ni shangazi yangu," alisema, akiupuliza mkono wa kushoto ukauke. "Lakini huu nitaupiga picha."