Bariyeri Iliyohama

Mwaka ule nilikuwa darasa la tano la sekondari hapa Bunia, na nafasi ya msichana mmoja wa kwenda Kisangani kukimbia mbio za nyika kwa jina la mkoa ilikuwa yangu kwa siku saba. Jumamosi mpaka Jumamosi. Nimezihesabu mara mbili, hazizidi.

Mbio ziligawanywa kwa sababu ruhusa ya kufunga barabara ilitolewa kwa saa mbili tu, na wasichana wa shule zote wasingetosha katika saa mbili. Shule za upande wetu zikapewa Jumamosi ya kwanza, za upande wa pili Jumamosi iliyofuata, njia ileile. Mwenye muda mfupi kuliko wote, wa Jumamosi yoyote, ndiye angesafiri. Karatasi ya shindano ilikuwa na mstari mmoja juu ya njia: kilomita tano, kutoka kiwanja cha mpira, kwenda na kurudi, zungukia bariyeri ya barabara ya Komanda.

Waliandika bariyeri kwa sababu mjini kwetu hakuna alama inayoheshimiwa kama hiyo. Mti utakatwa kuni. Jiwe litabebwa likajenge msingi wa mtu. Kibao utakikuta mwezi ujao kimekuwa mlango wa banda la kuku. Lakini ile kamba ya askari, iliyofungwa kati ya nguzo mbili na mifuko ya plastiki ikining'inia, hata mbuzi hufika akasimama. Kwa hiyo tulikimbia mpaka kwenye kamba, tukazunguka, tukarudi. Nilikuwa wa kwanza: dakika ishirini na moja, sekunde thelathini na sita. Mwalimu wetu wa mazoezi aliandika namba hiyo ubaoni kwa chaki, akakataza isifutwe.

Jumamosi ya pili nilikwenda kutazama, mikono kifuani, kama mwenye nyumba. Msichana mmoja wa shule ya upande wa pili, mrefu, mwenye kutafuna jojo hata wakati wa kukimbia, akaingia kiwanjani kwa dakika kumi na tisa na sekunde nne. Sawa, watu wanazaliwa na miguu. Lakini nyuma yake wakaingia wengine tisa, na wote tisa walikuwa wameshinda muda wangu. Mmoja wao tulikuwa tunaimba naye kwaya moja. Huyo alikuwa hawezi kukimbia mvua hata ikiwa imeanza kumpiga.

Jumatatu mji mzima ulikuwa na maelezo. Wale wa upande wa pili walisema wao wanafanyia mazoezi milimani. Wengine walisema siye tulikula vibaya. Mwalimu wangu alichukua kitambaa cha maji. Alifuta ubao, haraka, na mimi nilichukia ile haraka kuliko namba yenyewe.

Nimekua nyuma ya meza ya unga. Mama yangu aliuza sokoni miaka yote ya shule yangu, na ni yeye aliyenifundisha kwamba kopo la kupimia likigongwa kitako kikaingia ndani, mdomo wake unabaki uleule, na mteja huangalia mdomo. Wasichana kumi hawawi wepesi kwa wiki moja. Kitako cha mbio hizi kilikuwa kimegongwa mahali, na mimi nilitaka kujua wapi.

Sikutafuta sana. Jumamosi yangu, pale tulipozungukia, kulikuwa na mama wa mahindi ya kuchoma chini ya mikaratusi, kwa sababu magari yakisimamishwa abiria wanakula. Jumatatu ile nilimkuta mbele ya matanuri ya matofali, karibu zaidi na mji. Kamba ilikuwa hapo pia, nguzo mpya, mifuko ileile. Nikamuuliza alihama lini. Akasema yeye hahami, bariyeri ndiyo inahama, yeye anaifuata. Waliihamisha Jumatano iliyopita, akabeba jiko likiwa bado na moto.

Jumatano iliyopita. Katikati ya Jumamosi mbili.

Mwalimu wangu alinisikiliza akiwa amesimama, dalili ya mtu ambaye hataki mazungumzo yakae. Alisema orodha inafungwa Ijumaa, na kwamba hakuna mwenye akili anayekwenda kupima barabara mbele ya askari. Nikaona huyu sina biashara naye. Nikaenda kumtafuta yule mrefu wa jojo mwenyewe, saa ya kutoka shuleni, getini kwao, akiwa katikati ya wenzake.

Nilimwambia bariyeri ilihama. Akatafuna kidogo.

“Unasema niliiba?”

“Ninasema ulikimbia kidogo.”

“Miye dakika kumi na tisa, weye makumi mbili na moja. Nani njo alikimbia kidogo?”

Wenzake wakacheka mpaka daftari zikaanguka. Niliwaacha wamalize, sokoni ukijibu wakati watu wanacheka, bei inashuka. Halafu nikamwambia tupime, siye wawili, kwa gurudumu la baiskeli, kila mtu na hesabu yake. Yeye akataka kujua anapata nini. Nikasema: tukikuta fasi ya kuzungukia ni ileile, Jumatatu nakuja hapa kwenu, saa ya bendera, nasimama mbele ya shule nzima nasema nimekusingizia. Hapo macho yake yaliamka. Akauliza, na kama si ileile? Nikasema, basi utakuja kwa enspekta wa michezo, useme namba kwa mdomo wako mwenyewe.

“Niseme namba tu?”

“Namba tu.”

Tukapatana. Hatukupeana mkono.

Alhamisi mchana nilileta kiwanjani baiskeli ya mjomba, na kitambaa chekundu nimekifunga kwenye sipoku moja ya gurudumu la mbele. Kila kitambaa kikigusa chini ni mzunguko mmoja. Nilikuwa nimepima mzunguko kwa futi ya fundi wa nguo: mita mbili na sentimita kumi. Yeye alikuja na futi yake, ya mama yake mshonaji, akapata sentimita tisa. Tuligombana juu ya ile sentimita moja mpaka kivuli cha goli kikatufikia. Mwishowe nikazilaza futi zote mbili chini, sambamba, na ya kwake ikaonekana imevutika kwa kuzungushwa kwenye viuno vya mtaa mzima. Hakusema nimeshinda. Alisema, “Sukuma.”

Tulihesabu kwa sauti, na hilo lilikuwa kosa. Mimi nilihesabu Kiswahili, yeye Kifaransa kama darasani, na kila mmoja alimharibia mwenzake. Kiswahili ni lugha tamu lakini si ya gurudumu. Ukisema mia nne sabini na tisa, kitambaa kimeshagusa mara mbili. Nikawa nahesabu mpaka mia na kuanza upya, na kila mia naweka punje ya harage mfukoni. Yeye alifunga fundo kwenye uzi. Hakunisaidia kupandisha baiskeli penye mtaro, akasema kazi yake ni kuhesabu. Watu wa matofali waliuliza tumepoteza nini. Hatukujibu, kwa kuogopa kupoteza.

Kwenye kamba mpya nilikuwa na maharage kumi na mizunguko mitatu. Yeye alikuwa na mafundo kumi na mizunguko mitatu. Tulitazamana kwa chuki ya watu waliokubaliana.

Askari aliyekuwa hapo alikuwa ametutazama tangu mbali. Akauliza tunahesabu nini. Hilo si swali la kujibu haraka. Mtu anayehesabu kitu mbele ya bariyeri ana kazi kubwa ya kueleza. Aliyejibu si mimi, mwenye mdomo wote wa sokoni. Ni mwenzangu.

“Shefu, uyu ananidai mita.”

“Mita ngapi?”

“Hajui. Njo maana tunatafuta.”

Askari alicheka, lakini akasema tupite pembeni, kwenye kijia cha mtaroni, kama watu wote. Nikamweleza kwamba kijia kina kona na barabara imenyooka. Gurudumu likipita mtaroni, hesabu inaoza. Nikaomba siye tupite mtaroni na baiskeli ipite barabarani. Akasema hajawahi kuona baiskeli inatembea yenyewe. Tulivutana hapo kwa muda, kila mtu na sheria yake. Mwishowe alitoka kwenye kivuli, bunduki mgongoni, akashusha kamba, akaisukuma baiskeli mwenyewe mpaka ng'ambo, akihesabu Kilingala kwa sauti: moko, mibale, misato, minei. Minne. Tuliandika minne wote wawili.

Mahali pa zamani palijionyesha penyewe. Chini ya mikaratusi kulikuwa na mashimo mawili ya nguzo, mafuta meusi ya malori, na majivu ya mama wa mahindi. Kutoka kamba mpya mpaka kwenye mashimo, pamoja na ile minne ya askari, nilipata mizunguko mia moja sitini na moja. Sikumuuliza yeye amepata ngapi, wala yeye hakuniuliza. Tuliketi juu ya shina lililoanguka, mbalimbali, nikafanya mahesabu nyuma ya daftari langu la historia.

Njia yake, kwenda na kurudi: mita elfu nne mia mbili na kumi na mbili. Yangu: elfu nne mia nane themanini na nane. Alikuwa amekimbia karibu mita mia saba pungufu kuliko mimi. Ukivuta mwendo wa kila mtu mpaka kilomita tano kamili, mimi nafika mbele yake kwa sekunde thelathini na mbili.

Alininyang'anya daftari. Alirudia kila mstari kwa kalamu yake, akitafuta kosa kama mtu anayetafuta jiwe ndani ya mchele. Hakulipata. Akapata kitu kingine.

“Hata ya kwako haifike tano.”

“Haifike. Lakini inapita ya kwako.”

“Siku yetu kulikuwa matope.”

“Matope hayakule mita mia saba.”

“Na kama ningelijua iko murefu, ningelikimbia ingine namna. Unakimbia fasi wanakuonyesha. Weye pia ulizunguka fasi walikuonyesha.”

Hilo lilikuwa kweli, na sikulipenda. Nikachukua daftari langu. Tulirudi mjini kila mtu upande wake wa barabara, baiskeli kwangu, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi nilikuwa na hakika kwamba nafasi inarudi.

Ofisi ya enspekta wa michezo ilikuwa juu, mwisho wa ngazi za saruji. Ijumaa asubuhi nilifika mapema nikidhani msichana yule hatakuja. Alikuwa ameshafika, ameegemea ukuta, anatafuna.

Nilieleza yote kwa mpango: Jumatano, kamba, mashimo, gurudumu. Enspekta alikuwa mtu mzima mwenye kuchoka, na aliyenisikiliza kwa heshima kuliko mwalimu wangu. Nilipomaliza akamgeukia mwenzangu, akamuuliza kama alikuwepo na alihesabu ngapi. Nilishika ukingo wa meza. Angeweza kusema uzi ulikatika. Angeweza kusema alichanganya. Mimi mwenyewe, usiku, nilikuwa nimemtafutia uongo sita, na nilikuwa na jibu la kila mmoja.

“Kufika kamba ya mupya, elfu moja na tatu,” alisema. “Kutoka pale kufika mashimo ya zamani, mia moja makumi sita na mbili.”

Mbili. Mimi nilikuwa na moja. Alinipa mzunguko zaidi, mbele ya enspekta, na mpaka leo sijui kama alikosea. Kama ilikuwa nyongeza, sikuiomba.

Enspekta aliitoa karatasi ya shindano, akausoma ule mstari wake mmoja, akaigeuza karatasi kuona kama nyuma kuna kitu. Hakukuwa na kitu.

“Imeandikwa bariyeri,” alisema. “Weye ulizunguka bariyeri?”

“Ndiyo, papa.”

“Na uyu alizunguka bariyeri?”

“Ndiyo, lakini papa...”

“Basi wote wawili mulizunguka bariyeri.”

Nikasema imeandikwa pia kilomita tano. Akajibu kwamba kwa hilo hakuna hata mmoja wetu aliyekimbia, na kwamba nikiendelea kudai tano, atalazimika kufuta wote. Nikaiacha tano. Lakini nadhani zile mita mia saba zilimkera, kwa sababu alivua miwani akamuuliza mwenzangu, kwa upole, kama angekubali kukimbia nami jioni hiyohiyo kiwanjani, mizunguko iliyopimwa, watu wawili tu, na mshindi asafiri.

Hapo ndipo alipoacha kutafuna.

“Hapana, papa enspekta. Tulipatana niseme namba. Namba nimesema. Nafasi sijasema.”

Niliigeuza sentensi hiyo kila upande nikitafuta ufa. Hakukuwa na ufa. Getini kwao nilipanga adhabu yangu kama nimekosa, saa yake, mahali pake, hata bendera. Upande wa kushinda kwangu sikupanga kitu. Nilidhani ukweli ukishapimwa unajibeba wenyewe mpaka kwenye orodha. Mama yangu, nilipomsimulia jioni, hakunipa pole. Alisema nimenunua meza nikasahau kuuliza kama iko na miguu.

Enspekta aliandika jina la mwenzangu. Niliangalia kalamu mpaka mwisho, isije ikakosea.

Nje, kwenye kichwa cha ngazi, nilimwambia Kisangani watakimbia njia iliyopimwa kwa futi ya chuma, si kwa kamba ya askari. Kule ataonekana.

“Acha nionekane,” alisema.

Akaanza kushuka, bila haraka, mkono mfukoni. Nilibaki pale juu. Ngazi ilikuwa moja tu, na sikutaka kutembea nyuma yake.